Sindano ya protini ndani ya goti lililoumia: kwa nini jibu linachelewa

Mwaka 2004 watafiti wa Sweden walitoa matokeo ya kuwafuatilia wanawake waliokuwa wakicheza soka na kuchanika ligamenti ya msalaba ya mbele ya goti, ile ambayo watangazaji wa mpira huitaja kwa kifupi, ACL. Miaka 12 ilikuwa imepita tangu waumie, na wastani wa umri wao ulikuwa miaka 31 tu. Kati ya 67 waliokubali kupigwa picha ya eksirei, 34 tayari walikuwa na ugonjwa wa kusagika kwa goti, maradhi ambayo wengi wetu tumezoea kuyahesabu kuwa ya wazee. Zaidi ya nusu ya wanawake hao walikuwa wamekwisha kufanyiwa upasuaji wa kutengeneza ligamenti upya.

Hilo la mwisho ndilo linaloumiza kichwa. Kwa miaka mingi maelezo yalikuwa mepesi: ligamenti ikichanika goti hulegea, goti likilegea mifupa husuguana vibaya, na gegedu linalofunika ncha za mifupa huliwa kidogo kidogo. Basi irudishe ligamenti mahali pake, ugonjwa hautakuja. Jaribio jingine la Sweden, lililochapishwa mwaka 2010, liliwagawa vijana 121 waliochanika ACL. Kundi moja lilifanyiwa upasuaji mapema pamoja na mazoezi. Jingine lilianza na mazoezi peke yake, upasuaji ukabaki kwa yule atakayeuhitaji baadaye. Walipotazamwa tena baada ya miaka 5, picha za eksirei hazikuonyesha tofauti ya maana kati ya makundi hayo mawili. Upasuaji unaweza kumrudisha mtu uwanjani, lakini kulilinda gegedu lake ni habari nyingine.

Kutoka hapo likaja wazo linaloelezwa katika makala haya. Kama ulegevu wa goti hauelezi yote, huenda sehemu kubwa ya madhara hufanywa na kemikali za mwili wenyewe zinazofurika ndani ya kiungo siku na wiki za mwanzo baada ya kuumia. Na kama ni hivyo, pengine madhara hayo yanaweza kuzuiwa kwa kudunga protini inayofaa moja kwa moja ndani ya goti, kabla gegedu halijafika pabaya. Protini za kujaribu zipo, tena si haba, na panya wengi wamefaidika nazo. Hata hivyo, mpaka sasa hakuna sindano hata moja ya protini iliyoidhinishwa kwa ajili ya kuzuia kusagika kwa kiungo baada ya jeraha. Kwa maoni yangu, kinachokwamisha kazi hii kuliko kitu kingine chochote ni muda: muda ambao dawa hukaa ndani ya goti, muda wa kuidunga, na muda wa kusubiri kabla ya kujua kama imefaa.

Ukubwa wa tatizo unaelezeka kwa takwimu mbili. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 528 duniani walikuwa wakiishi na ugonjwa wa kusagika kwa viungo, na goti ndilo lililoongoza. Makadirio ya Marekani ya mwaka 2006 yalisema kwamba kwa nyonga, goti na kifundo cha mguu, kama asilimia 12 ya wagonjwa wenye dalili walianzia kwenye jeraha. Hao ndio wanaowavutia watafiti, kwa sababu moja ya wazi: siku ambayo ugonjwa wao ulianza inajulikana. Mtu aliyezeeka na goti lake hana tarehe ya kumwonyesha daktari. Aliyeanguka uwanjani anayo.

Siku za mwanzo ndani ya goti

Gegedu la goti la mtu mzima lina unene wa milimita chache. Halina mishipa ya damu wala ya fahamu. Seli zake ni chache, zimekaa mbalimbali, na hupata chakula kutoka kwenye ute wa kiungo ambao huingia na kutoka kila goti linapobanwa na kuachiwa. Asilimia 70 hadi 80 ya uzito wa gegedu ni maji. Yanashikiliwa na molekuli kubwa iitwayo agrekani, yenye chaji hasi tele zinazovuta maji na kusukumana zenyewe kwa zenyewe, nayo agrekani imefungiwa ndani ya wavu wa nyuzi za kolajeni. Agrekani inataka kutanuka, kolajeni inaizuia, na kwa mvutano huo gegedu linaweza kubeba mwili mzima bila kupasuka.

Goti linapojipinda vibaya, mengi hutokea kwa mpigo. Mfupa hugonga mfupa, na baadhi ya seli za gegedu hufa palepale. Damu humwagika ndani ya kiungo, na damu hiyo hudhuru gegedu. Utando unaozunguka kiungo huvimba na kuanza kumwaga protini za kutangaza hatari, zikiwemo intalukini-1, intalukini-6 na TNF. Hali hii ya uvimbe, joto na maumivu, ambayo matabibu huiita mchochota, ndiyo njia ya kawaida ya mwili kusafisha jeraha, na kwenye ngozi iliyokatwa hufanya kazi nzuri. Ndani ya goti mambo huenda kombo. Seli za gegedu zikipokea ujumbe wa intalukini-1 hupunguza kujenga na kuanza kutengeneza vimeng'enya vya kubomoa. Vile vya jamii ya ADAMTS hukata agrekani. Kingine, MMP-13, hukata kolajeni.

Majina hayo si lazima yakumbukwe. La kukumbuka ni nani hutangulia kuondoka. Agrekani huondoka kwanza, na seli zikipata nafuu zinaweza kutengeneza nyingine. Kolajeni ina kesi yake, na ushahidi wake ulitoka mahali ambapo hakuna aliyetarajia. Majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960 yaliongeza hewani kaboni-14, aina ya kaboni yenye mionzi, na kila aliyekuwa akikua wakati huo aliingiza kaboni hiyo mwilini kupitia chakula. Mwaka 2016 watafiti waliipima katika gegedu la magoti ya watu waliozaliwa katika miongo tofauti, kwa kuwa kiasi chake huonyesha tishu ilitengenezwa lini. Walikuta kwamba kolajeni yao ilitengenezwa utotoni na ujanani. Utu uzimani haikuongezeka yoyote ya maana, hata kwenye magoti yaliyokuwa yakiugua. Daktari William Hunter wa London alikwisha kuandika mwaka 1743 kwamba gegedu likiharibika halirudi. Ilichukua zaidi ya karne mbili na mabomu ya nyuklia kuonyesha sababu.

Kwa hiyo kuna kipindi ambacho agrekani imeanza kutoweka lakini wavu wa kolajeni ungali mzima. Dawa ikifika wakati huo inakuta kitu cha kuokoa. Ikifika baada ya wavu kukatika, inaweza kutuliza maumivu, inaweza hata kupunguza kasi, lakini haitarudisha kilichokwenda.

Protini zenyewe

Ya kwanza kuzungumzwa ni ile ambayo mwili hujitengenezea kama breki. Intalukini-1 hufanya kazi kwa kukaa kwenye kipokezi kilichopo juu ya seli. Mwili una protini nyingine inayofanana nayo ambayo hukalia kipokezi hichohicho bila kupeleka ujumbe wowote ndani. Mradi imekaa, intalukini-1 inakosa nafasi. Ubaya wake ni kwamba vipokezi vichache tu vikibaki wazi vinatosha kuiamsha seli, kwa hiyo breki hii haina budi kuwa nyingi kuliko adui yake kwa mara kadhaa wa kadhaa. Toleo linalotengenezwa kiwandani huitwa anakinra, na liliidhinishwa Marekani mwaka 2001 kwa baridi yabisi, ugonjwa tofauti ambamo kinga ya mwili hushambulia viungo vyake yenyewe.

Katika Chuo Kikuu cha Duke, watafiti waliwavunja panya mfupa ndani ya goti, kisha wakawadunga protini hiyo ndani ya kiungo mara moja, mapema. Magoti yao yalisagika kidogo kuliko ya wale ambao hawakupewa. Katika kazi hiyohiyo walijaribu pia kuzuia TNF, protini nyingine ya mchochota, na hali ikawa mbaya zaidi. Matokeo hayo ya pili hayatajwi sana, nami naona yanafundisha kuliko yale ya kwanza. Mchochota baada ya jeraha una kazi zake, na anayeuzima wote bila kuchagua anaweza kuzima na uponyaji.

Kwa binadamu, jaribio dogo la mwaka 2012 lilichukua watu 11 waliochanika ACL. Baadhi walidungwa miligramu 150 za anakinra gotini ndani ya wiki chache za kuumia, wengine maji ya chumvi. Baada ya siku 14 waliopata anakinra walikuwa na nafuu kubwa zaidi ya maumivu na matumizi ya goti. Watu 11 ni wachache mno kwa uamuzi wowote, na siku 14 hazisemi lolote kuhusu gegedu la miaka 12 baadaye. Linganisha na jaribio kubwa zaidi la mwaka 2009, lililowapa anakinra au sindano isiyo na dawa watu 170 ambao magoti yao yalikwisha kusagika: baada ya wiki 4 hapakuwa na tofauti. Mtu anaweza kusoma majaribio haya mawili na kusema yanapingana. Mimi nayaona yanazungumzia magonjwa mawili, au tuseme ugonjwa mmoja katika nyakati mbili zisizofanana.

Kuna protini za aina nyingine ambazo kazi yake ni kujenga, wala hazizuii ujumbe wowote. BMP-7, inayofahamika zaidi katika kuunga mifupa, ilijaribiwa gotini kwa usalama na haikufika mbali. Iliyokwenda mbali kuliko zote ni sprifermini, umbo lililofupishwa la protini ya ukuaji iitwayo FGF-18. Jaribio lake, lililochapishwa katika jarida la JAMA mwaka 2019, lilihusisha watu 549 wenye kusagika kwa goti. Dozi yenyewe ilikuwa sindano tatu, moja kila wiki, kisha kurudia kila baada ya miezi 6 au 12. Baada ya miaka miwili, waliopata mikrogramu 100 kila nusu mwaka walikuwa na gegedu nene zaidi kwa milimita 0.05 kuliko waliopata maji ya chumvi.

Nusu ya moja ya kumi ya milimita. Kwa upande mmoja ni habari kubwa, kwa kuwa hakuna dawa nyingine iliyowahi kuonyesha gegedu la binadamu likiongezeka katika jaribio la ukubwa huo. Kwa upande mwingine, maumivu yalipungua kwa makundi yote, lile la maji ya chumvi likiwemo, bila tofauti ya maana kati yao. Mgonjwa hakuja hospitali kwa sababu ya unene wa gegedu; alikuja kwa sababu goti linamuuma. Na hao 549 walikuwa wagonjwa wa muda mrefu, si vijana walioumia juzi. Dawa hii kama ingepewa mtu mwenye wavu mzima wa kolajeni, hesabu ingeweza kuwa nyingine kabisa, lakini jaribio hilo halikuuliza swali hilo.

Ya tatu ni lubrisini, na hii ina historia inayopendeza. Ni protini inayofunika uso wa gegedu na kufanya nyuso mbili ziteleze zinapokutana. Mwaka 1999 iligunduliwa kwamba watoto wanaozaliwa na hitilafu katika jeni yake hupata ugonjwa adimu ambao viungo vyao huharibika mapema, bila kuanguka wala kugongwa. Hapakuhitajika ushahidi mwingine kwamba protini hii ina kazi. Kisha ikaonekana kwamba mtu akichanika ACL, lubrisini ndani ya ute wa goti lake hushuka, na inaweza kuchukua miezi mingi kurejea. Yaani wakati goti linapohitaji ulainisho kuliko wakati wowote, ndipo linapopungukiwa. Panya waliokatwa ligamenti kisha wakadungwa lubrisini ya maabara walipoteza gegedu kidogo kuliko wenzao, na nguruwe wadogo nao wamejaribiwa. Kati ya protini zote ninazozitaja hapa, hii ndiyo ningependa kuiona ikipata jaribio kubwa la binadamu, kwa kuwa inarudisha kitu kilichopungua bila kuzima chochote.

Goti kama pakacha

Tuseme protini imechaguliwa, daktari ameidunga mahali hasa panapotakiwa. Itakaa muda gani?

Saa chache. Kwa protini, goti ni pakacha. Ute wa kiungo hubadilishwa wakati wote, na molekuli kubwa huchukuliwa na mishipa ya limfu. Anakinra ikiwa ndani ya damu hupungua nusu katika saa 4 hadi 6, na ndani ya kiungo nako haikai sana. Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi, ila hapa kuvuja hakumpunguzii mtu mzigo: sindano ya asubuhi imekwisha kabla ya wiki kuanza kuhesabiwa, ilhali mchochota unaendelea kwa wiki nyingi. Kudunga kila siku hakuwezekani. Kila sindano inayoingia gotini ina hatari ndogo ya kuingiza vijidudu, na maambukizi ndani ya kiungo ni dharura inayoweza kuliharibu goti kwa siku chache kuliko jeraha lenyewe lingeliharibu kwa miaka.

Kuna kikwazo cha pili. Seli zinazotakiwa kupokea dawa zimezikwa ndani ya gegedu, na gegedu limesukwa kwa karibu sana hivi kwamba protini nyingi huishia juu juu. Hapa ile chaji hasi ya agrekani imegeuzwa kuwa msaada. Watafiti wa taasisi ya MIT walichukua IGF-1, protini nyingine ya kujenga, wakaifunga kwenye chembe ndogo sana zenye chaji chanya zilizopangwa kwa kipimo: chanya ya kutosha kuvutwa na gegedu, isiyozidi hadi chembe zikaganda kwenye uso wake. Katika matokeo yao ya mwaka 2018, chembe hizo zilipenya gegedu la ng'ombe lenye unene unaokaribia wa binadamu kwa siku mbili, na ndani ya magoti ya panya waliofanyiwa jeraha dawa ilikaa mara 10 zaidi ya IGF-1 tupu. Gegedu lao liliharibika kidogo kuliko la wenzao. Wengine wamejaribu protini zinazoganda kidogo zikifika kwenye joto la mwili, hivyo kubaki ndani ya kiungo kama akiba inayoyeyuka polepole.

Utajuaje kwamba imefaa?

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo pasipozungumzwa vya kutosha katika habari za magazeti zinazotangaza dawa mpya ya magoti kila mwaka.

Anza na mnyama. Njia inayotumika sana ni kumkata panya kano inayoshikilia meniska, kile kipande cha gegedu kinachokaa kati ya mifupa ya goti, kisha kusubiri wiki kadhaa gegedu lisagike. Kwa njia hiyo, mwaka 2005 ilionyeshwa kwamba panya wasio na kimeng'enya cha ADAMTS-5 hulindwa, matokeo yaliyobadilisha mwelekeo wa utafiti mzima. Lakini gegedu la panya halifiki unene wa milimita 0.1. Dawa inayofika kwenye seli zote za panya inaweza isifike hata robo ya safari kwa binadamu. Pia panya hudungwa wakati mtafiti anapotaka, mara nyingi siku ileile, kwa kuwa ndiye aliyemuumiza. Binadamu huumia Jumamosi jioni, husubiri uvimbe upungue, huonwa na daktari, hupangiwa picha ya MRI, na siku zinakwenda. Ndiyo maana farasi, kondoo na nguruwe huingia katikati: magoti yao ni makubwa, na farasi wa mashindano hupata ugonjwa huu wenyewe, bila kutengenezewa.

Sasa mlete binadamu. Anayetakiwa katika jaribio la kinga ni kijana aliyeumia wiki hii. Maumivu yake yatapungua hata bila dawa. Hana ugonjwa unaoonekana, na huenda asiupate kamwe: wale wanawake wa Sweden waligawanyika karibu nusu kwa nusu. Unamwomba akubali sindano ya kitu kipya ndani ya goti kwa ajili ya hatari ya miaka 10 au 20 ijayo. Kwa mtu wa namna hiyo, kiwango cha madhara kinachovumilika ni kidogo mno, kuliko kwa mzee ambaye hawezi tena kupanda ngazi.

Kisha ifanye hesabu. Chukua mfano wa dawa ambayo ingepunguza watakaougua kutoka 50 kwa kila 100 hadi 35. Hiyo ingekuwa dawa nzuri sana. Kwa kanuni za kawaida za takwimu, kuithibitisha kunahitaji takriban watu 170 katika kila kundi, na hao ni wale watakaobaki mpaka mwisho. Wafuatilie miaka 15. Watahama, watabadilisha simu, wataumia tena, wataongezeka uzito, wataacha michezo. Hataza ya dawa, yaani haki ya kampuni kuiuza peke yake, itakuwa imekwisha au iko ukingoni. Hakuna kampuni inayoweka fedha kwa masharti hayo, na siilaumu.

Njia ya mkato ni kupima kitu kinachobadilika mapema badala ya ugonjwa wenyewe: unene wa gegedu kwa MRI, vipande vya kolajeni vinavyotoka kwenye mkojo, vimeng'enya ndani ya ute wa goti. Lakini kipimo cha namna hiyo kina maana ikiwa tu kinatabiri mgonjwa atajisikiaje baadaye. Mwaka 2018 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa rasimu ya mwongozo ikikubali kwamba ugonjwa huu ni mzito na kwamba vipimo vya umbo la kiungo vinaweza kufikiriwa, ila mtengenezaji aonyeshe kwamba mabadiliko hayo yanamfikishia mgonjwa faida anayoihisi au kuiona katika matumizi ya kiungo chake. Ukirudi kwenye milimita 0.05 za sprifermini utaona ugumu ulipo.

Tena umbo na maumivu vinaweza kwenda pande tofauti. Steroidi, dawa ya kutuliza mchochota, ni sindano ya goti inayotolewa sana duniani. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2017, watu 140 wenye kusagika kwa goti walidungwa steroidi au maji ya chumvi kila baada ya miezi 3 kwa miaka miwili. Waliopata steroidi walipoteza milimita 0.21 za gegedu, wenzao 0.10, na maumivu hayakutofautiana. Dawa iliyotolewa kwa miongo mingi kwa ajili ya nafuu ilikuwa ikiharakisha, kwa kiasi fulani, kile kilichomleta mgonjwa.

Na maji ya chumvi nayo si kitu bure. Kudungwa gotini, kuvutwa ute uliojaa, kuonwa na daktari mara kwa mara, vyote huleta nafuu, na nafuu hiyo ni kubwa kuliko ya kidonge kisicho na dawa. Jaribio lolote la sindano ya goti lisilo na kundi la maji ya chumvi lisomwe kwa tahadhari. Mfano ulio karibu na watu wengi ni ile huduma ya kuchukua damu ya mgonjwa, kuizungusha kwenye mashine, na kumrudishia sehemu yenye chembe sahani gotini, kwa hoja kwamba ina protini nyingi za ukuaji. Hoja inaingia akilini. Lakini jaribio la Australia la mwaka 2021, lenye watu 288, lililinganisha huduma hiyo na maji ya chumvi kwa miezi 12, na halikukuta tofauti katika maumivu wala katika kiasi cha gegedu. Kliniki zinaendelea kuiuza. Anayeshawishiwa kulipia sindano yoyote ya aina hii ana haki ya kuuliza swali moja la kwanza: waliolinganishwa nao walidungwa nini?

Kutoka saa hadi mwaka

Njia mojawapo ya kulitatua tatizo la pakacha ni kuacha kudunga protini na kudunga maelekezo ya kuitengeneza. Virusi visivyoleta ugonjwa hubeba jeni ya ile breki ya intalukini-1 hadi ndani ya seli za kiungo, na seli zenyewe huanza kuitoa. Ilijaribiwa kwa farasi tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mwaka 2025 kikundi cha Mayo Clinic huko Marekani kilichapisha matokeo ya watu 9 wa kwanza, waliodungwa mara moja tu. Protini ilionekana ndani ya ute wa magoti yao kwa angalau mwaka mzima, bila madhara makubwa ya kiusalama. Hao pia walikuwa wagonjwa wa kusagika kwa goti, si majeruhi wapya, na jaribio lilikuwa la usalama.

Lakini tazama jinsi tatizo lilivyogeuka. Tulikuwa na dawa ya saa chache kwa hitaji la wiki kadhaa. Sasa kuna dawa ya mwaka au zaidi, isiyo na swichi ya kuzima. Kwa mwenye goti lililokwisha kusagika huo unaweza kuwa muda mzuri. Kwa kijana aliyeumia juzi, ambaye sehemu ya mchochota wake inafanya kazi ya kuunga tishu, na tukiwakumbuka panya wa Duke walioharibikiwa TNF ilipozuiwa, breki isiyoachia si jambo la kumpa bila kufikiri. Kwa hiyo maabara kadhaa, ikiwemo moja ya Chuo Kikuu cha Washington huko St. Louis, zinahariri jeni za seli ili zitoe breki pale tu zinapohisi intalukini-1 au TNF imepanda, na ziache zenyewe ikishuka. Kazi hiyo imefanyika kwenye seli na kwa panya. Ikifika kwa binadamu, watakaoombwa kujitolea wa kwanza watakuwa tena watu wenye magoti yaliyokwisha kuharibika, kwa sababu ni kwao tu hatari ya dawa isiyojulikana inaweza kutetewa mbele ya kamati ya maadili, ingawa ndio wenye gegedu dogo zaidi lililobaki la kuokolewa.